Chujio la Slagi: Kunasa Fosforasi ya Majitaka na Kupoza Ukali wa Maji Yanayotoka

Karibuni. Leo tunatengeneza chujio la slagi, yale mabaki magumu kama mawe yanayotoka kwenye tanuru chuma kikiyeyushwa. Tunataka litunasie fosforasi ya mkojo, kinyesi na sabuni, maana ikifika ziwani inalisha magugu maji. Wavuvi wa Ghuba ya Winam, kule Ziwa Victoria upande wa Kenya, hawahitaji kuelezwa. Wameshakwama na mitumbwi humo.

Tuanze na slagi yenyewe, na hapa nitakaa kidogo. Si kila slagi inafaa. Tunataka yenye chokaa nyingi, kwa sababu chokaa ndiyo inayoishika fosforasi na kuigandisha. Viwanda vingi vidogo vya chuma chakavu hutumia tanuru la induksheni, yaani la umeme, na slagi yake mara nyingi imejaa silika, madini yale ya mchanga. Kwa hiyo ijaribu: tia konzi moja kwenye chupa ya maji safi, funga, pima pH kesho yake, yaani kipimo cha asidi na ukali wa chokaa: 7 ni katikati, chini yake ni asidi, juu yake ni ukali kama wa chokaa. Ikivuka 10, endelea. Ikibaki 7 au 8, hizo ni kokoto tu. Peleka pia sampuli maabara wapime kromiamu na vanadiamu, metali zinazoweza kuwa sumu majini. Usiruke hatua hii.

Vaa glavu na miwani. Chekecha upate vipande vya milimita 5 hadi 10, kisha suuza vumbi.

Sasa pipa la lita 200. Liweke kabisa mahali pake, maana likishajaa slagi halisogezeki. Maji yaingie chini na kutokea juu. Yawe yameshatulia kwenye karo au bwawa, la sivyo tope litaziba chujio. Funika juu, kwa sababu hewa ikiingia, chokaa hugeuka ukoko mweupe na kuziba nafasi za maji.

Slagi ikishajaa, pipa linabaki na nafasi ya kama lita 80 tu za maji. Mwendo uwe lita 4 kwa saa, ili maji yakae na slagi karibu saa 20. Nawaonyesha ninavyopima: nakinga kikombe cha mililita 200 kwenye koki. Kikijaa kwa dakika 3, mwendo ni sawa.

Tazama maji yanayotoka. Yanang'aa, hayana harufu kali. Lakini sogea uone karatasi ya pH: imegeuka buluu ya kukolea, yaani 11. Jaribio langu la kwanza niliamini macho, nikayatia kwenye beseni la vifaranga wa sato. Asubuhi wote walikuwa wanaelea. Ukali ule unawaunguza matamvua, tena unageuza amonia iliyobaki majini kuwa sumu. Kenya na Tanzania zote zinataka maji yanayomwagwa yawe na pH kati ya 6.5 na 8.5. Kwa hiyo hapa hatujamaliza.

Asidi ya betri? Sishauri. Ukizidisha kidogo tu, pH inaporomoka. Tumia hewa ukaa, ambayo ni asidi laini. Hewa ya kawaida ina asilimia 0.04 tu, kwa hiyo ukiipuliza peke yake utasubiri sana. Lakini kama una tenki la kupulizia hewa majitaka, bakteria waliomo wanaitoa hewa ukaa bure. Funika tenki hilo, chomeka mpira kwenye mfuniko, pampu ndogo ivute hewa hiyo na kuipuliza chini ya pipa la pili, lile linalopokea maji ya slagi. Usivute hewa ya karo la kinyesi, ina gesi za kulipuka na za sumu. Wala usiinamishe kichwa ndani ya tenki lililofunikwa.

Povu likianza, maji yatapauka kama yametiwa tone la maziwa. Ni chokaa inayoganda. Iache itulie chini, uiondoe mara kwa mara. Jiwe la kupulizia, lile la mwisho wa mpira linalotoa mapovu, likiziba, liloweke kwenye siki.

Slagi nayo huchoka. Mji wa Waiuku, New Zealand, ulijenga chujio kubwa la namna hii. Kwa miaka 5 ya kwanza lilinasa asilimia 77 ya fosforasi, kisha nguvu ikashuka. Kwa hiyo pima fosforasi ya maji yanayoingia na yanayotoka, uandike kwenye daftari.

Tupime tena pipa la pili. Karatasi imekuwa kijani, ni 8. Sasa fungua koki ya kutolea.