Kila Nambari Isiyo Sifuri Ina Mwenzake

Walimu wenzangu, wazazi na wanafunzi wa Kisumu mliofika jioni hii, nitashikilia jambo moja tu: ukizidisha nambari mbili ambazo hakuna iliyo sifuri, jibu haliwi sifuri. Mtasema hata muuza omena wa soko la Kibuye analijua hilo. Analijua, ndiyo, lakini sababu yake ni ipi?

Itazameni saa ile ukutani. Mgonjwa anayemeza dawa kila baada ya saa 4, akianza mshale mfupi ukiwa kwenye 12, vipindi 3 vikipita huukuta mshale umerudi kwenye 12, kana kwamba haukusogea. Katika hesabu ya saa, basi, 3 mara 4 ni sifuri, ingawa 3 si sifuri wala 4 si sifuri.

Kasoro iko kwa 3 yenyewe: izidisheni kwa nambari kamili yoyote, mshale utatua kwenye 3, 6, 9 au 12, wala hautafika 1 kamwe. Katika hesabu zetu za kawaida, zenye sehemu na desimali, kila nambari isiyo sifuri ina mwenzake, na wawili hao wakizidishana huzaa 1: 4 ina robo, theluthi mbili ina moja na nusu, hasi 5 ina hasi moja ya tano. Sasa tuseme a mara b ni sifuri, na a si sifuri. Zidisheni pande zote mbili kwa mwenzake a. Kushoto inabaki b peke yake, kulia sifuri inabaki sifuri. Kumbe b ndiyo sifuri.

Sifuri haina mwenzake, ndiyo maana hatugawanyi kwayo. Brahmagupta wa India, alipoandika kanuni za sifuri mwaka 628, alidai sifuri ikigawanywa kwa sifuri ni sifuri, dai tusilolikubali leo. Mimi nilikosea vibaya zaidi: nikiwa kidato cha pili, nilipewa x mara x ni sawa na 5x, nikagawanya pande zote kwa x, nikaandika 5 kwa furaha. Jibu la pili, sifuri, nililifuta kwa mkono wangu mwenyewe, kwa kuwa sikuuliza kwanza kama x si sifuri.

Siku za wiki, kwa kuwa 7 ni nambari tasa, isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe, hazina kasoro ya saa: 3 mara 5 ni 15, yaani wiki mbili na siku 1, kwa hiyo 5 ni mwenzake 3. Jaribuni 2 na 4, kisha 6 na 6.