Michoro Iliyoungua Vita Ikiwa Imeshaisha

BEKA: Haya tumerudi, niko na dada Zuu kama kawaida, na leo kaja na kisa cha Berlin anasema kimemnyima usingizi.

ZUU: Kweli kabisa kaka. Yani Vita vya Pili vya Dunia, mabomu yanadondoka Berlin, makumbusho ya Kaiser-Friedrich wakaona bora wafiche michoro yao, wakaipeleka kwenye mnara wa Friedrichshain, lile dude la zege lenye mizinga ya kutungulia ndege juu ya paa.

BEKA: Ngoja, unaficha michoro chini ya mizinga? Si ndo unajiita ulengwe?

ZUU: Hapo sasa! Ila mnara ulistahimili. Machi 1945 wakaanza kuhamishia vitu kwenye mgodi wa chumvi kule Merkers, vilivyofika huko vikapona, Wamarekani wakavikuta Aprili. Ila michoro mingi, hasa ile mikubwa mikubwa, ikabaki mnarani.

BEKA: Halafu bomu likapiga.

ZUU: Wala! Berlin imesalimu amri tarehe 2 Mei, bunduki zimenyamaza, jeshi la Kisovieti ndo limeshika mji, halafu Mei hiyohiyo mnara unaungua kwa ndani, tena sio mara moja, mara mbili! Ulinzi ulikuwa wa kubabaisha, na aliyewasha hajajulikana mpaka leo. Michoro zaidi ya 400 ikaenda. Humo kuna kazi za mchoraji Rubens, na 3 za Caravaggio, yule mchoraji wa Italia.

BEKA: Tatu za Caravaggio! Na yule alikufa kijana, wala hakuacha kazi nyingi.

ZUU: Miaka 38 tu. Mi inayoniuma ni ile ya Mathayo na malaika, ya 1602, ina zaidi ya mita 2 kwenda juu. Mathayo kakaa kwenye kiti kakunja nne, kipara, miguu minene mitupu kama ya mtu katoka shamba, kitabu mapajani, na malaika kamshika mkono anamwelekeza kuandika, kama mtoto wa chekechea vile. Na unyayo umechomoza mbele, sasa fikiria hiyo inatundikwa juu ya altare.

BEKA: Padri anasoma misa, mguu uko kichwani kwake!

ZUU: Ndo inasemekana kanisa waliikataa, akawachorea nyingine, ipo hadi leo kwenye kanisa hilohilo, San Luigi dei Francesi pale Roma, malaika kawekwa juu huko hagusi mtu. Mzuri, ila mi sijampenda. Ile ya kwanza ikanunuliwa na tajiri mmoja, Giustiniani, baadae 1815 ikaenda Berlin.

BEKA: Na tunaijuaje sasa?

ZUU: Picha za kamera zilizopigwa kabla ya vita, nyeusi na nyeupe.

BEKA: Ila mtandaoni nimeiona ina rangi kabisa.

ZUU: Hiyo watu wamepaka na kompyuta, wanabahatisha. Joho la Mathayo wao wamelitolea wapi rangi?