Nani anapima moshi wa kiwanda chako?

Haya jamani, huko nyuma mnanisikia? Sawa. Naona humu ndani tumechanganyika, kuna mafundi boila, kuna watu wa mazingira, kuna wanafunzi wa chuo, sasa mafundi mnivumilie nikianzia chini kidogo, na nyie wanafunzi nikikimbia nyoosheni mkono, msikae kimya alafu mkaenda kulalamika kwenye grupu.

Tuanze na moto wenyewe. Ukichoma kitu kwenye boila au kwenye tanuri, iwe kuni, bagasi, yaani makapi ya miwa, makaa ya mawe, mafuta mazito, kile kinachotoka juu ya bomba wote tunakiita moshi, lakini humo ndani kuna vitu vingi tofauti na hapo ndo watu wanapotea. Ule weusi unaouona ni kaboni ambayo haijaungua, yaani ni mafuta uliyoyanunua kwa hela yako yanapanda juu bila kukupa joto. Huo unatibika kwa kuchoma vizuri tu, hewa iwe ya kutosha, joto liwepo, zile gesi zichanganyike na hewa na zikae motoni muda wa kutosha kabla hazijagusa mabomba ya maji zikapoa. Fundi makini mwenye feni nzima anaumaliza huo, hahitaji mtambo wa mabilioni.

Salfa ni habari nyingine kabisa. Salfa ikishakuwa ndani ya mafuta itatoka tu hata uwe fundi wa namna gani, tena inatoka imeshabeba oksijeni kwa hiyo uzito wake unakuwa mara mbili. Piga hesabu: tani moja ya mafuta mazito yenye salfa asilimia 3.5 ina kilo 35 za salfa, ikiungua unapata kilo 70 za dioksidi ya salfa. Kilo 70 kwa kila tani, na haina rangi, huioni. Alafu kuna oksidi za naitrojeni, hizi nyingi hata hazitoki kwenye mafuta, zinatoka kwenye hewa yenyewe, manake moto ukizidi kama nyuzi 1,300 naitrojeni na oksijeni zilizoingia na feni zinaanza kuungana, na ndani ya tanuri la saruji mwali unafika karibu nyuzi 2,000, kwa hiyo zinazalishwa kwa wingi. Umeona mtego? Unapandisha joto uondoe masizi, unaongeza oksidi za naitrojeni. Ndio maana kuna vichomeo vya kisasa vinavyoleta hewa kwa awamu, kidogo kwanza, nyingine baadae, ili mwali usipate mahali pa joto kali kupita kiasi.

Kwa hiyo mtu anayesimama barabarani akaangalia juu akasema leo hawa hawatoi moshi, wako vizuri, huyo hajajua chochote bado. Na nataka tukae hapohapo leo, maana historia yote ya kudhibiti moshi wa viwanda, ukiniuliza mimi, ni historia ya nani anapima, anapima nini, na anapimia wapi.

Uingereza walianza mapema. Mwaka 1863 walitunga sheria kwa ajili ya viwanda vya magadi, wakaambiwa gesi ya asidi hidrokloriki inayotoka wakamate asilimia 95. Wakaweka mkaguzi, mkemia anaitwa Robert Angus Smith, huyu ndo aliyeipa mvua ya asidi jina lake. Baadae, 1874, wakaongeza na kikomo cha kiasi cha asidi ndani ya kila futi ya ujazo ya gesi inayotoka, manake asilimia peke yake ina ujanja mwingi, nitarudi kwenye ujanja. Lakini moshi wa kawaida wa makaa ukaachwa nje ya sheria hiyo, kila mtu anachoma, kiwanda kinachoma, nyumba zinachoma, mpaka London Desemba 1952. Tarehe 5 mpaka 9, siku tano, hewa ya joto imekaa juu, ya baridi iko chini, upepo hakuna, moshi wote umebaki mtaani. Serikali wakati ule ilikadiria watu kama 4,000 walikufa, utafiti wa baadae ukafika mpaka 12,000. Ndo ikaja Sheria ya Hewa Safi ya 1956.

Sasa sikilizeni walipimaje. Kuna Mfaransa Maximilien Ringelmann alitengeneza kadi mwishoni mwa karne ya 19, ina viboksi vyenye mistari myeusi iliyokatizana, kimoja weusi asilimia 20, kingine 40, 60, 80. Unaiweka mbali, unaangalia bomba, unalinganisha. Sheria ya 1956 ikasema moshi wa kivuli namba 2 kwenda juu, yaani asilimia 40, ni moshi wa kiza na ni kosa. Rahisi, bei chee, afisa yeyote anaweza. Na kwa masizi inafanya kazi kweli, mimi siidharau. Ila kwa salfa kadi hiyo haikuambii kitu.

Salfa wakaitatuaje? Wakajenga mabomba marefu. (Kicheko) Mnacheka lakini ndo ilivyokuwa, na mpaka leo ukimwambia mwenye kiwanda majirani wanalalamika jibu la kwanza ni tuongeze mita kumi juu. Kuna waliojaribu kuosha, kituo cha umeme cha Battersea pale London kilikuwa kinaosha moshi kwa maji ya mto Thames tangu miaka ya 1930, salfa ilikuwa inakamatika vizuri tu, shida moshi ukishaoshwa unakuwa baridi na mzito, unashuka chini badala ya kupanda, alafu maji machafu yanarudi mtoni. Kwa hiyo bomba refu likaonekana ndo akili. Kule Sudbury, Canada, kwenye kuyeyusha nikeli na shaba, mwaka 1972 walimaliza bomba la mita 381. Mita 381! Mji ukapata nafuu kweli, ila gesi haijapotea, imesafirishwa tu.

Na mwaka huohuo 1972 Sweden wako Stockholm kwenye mkutano wa Umoja wa Mataifa wanaeleza dunia kwamba mvua yao ina asidi na salfa yenyewe sehemu kubwa si ya kwao, imetoka nchi za wengine. Mkutano ule ndo uliozaa shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake yako hapo jirani Nairobi, Gigiri, kwa hiyo ukipita pale ukumbuke kuna harufu ya salfa kwenye historia yake. Baada ya hapo ukaja mkataba wa Geneva 1979, na itifaki ya Helsinki 1985 iliyowataka walioisaini wapunguze salfa asilimia 30 ifikapo 1993.

Niwataje wawili waliopunguza salfa kwa nguvu, kila mmoja kwa njia yake. Ujerumani Magharibi mwaka 1983 walisema kituo kikubwa cha umeme kisizidi miligramu 400 za dioksidi ya salfa kwa kila mita ya ujazo, miaka mitano unayo, ukishindwa funga. Basi. Wakaweka mitambo ya kuosha moshi kwa mawe ya chokaa, gesi inapita kwenye uji wa chokaa, salfa inanaswa inakuwa jasi, jasi inaenda kwenye bodi za kujengea nyumba na kwenye saruji. Wamarekani 1990 wakaja na soko: jumla ya salfa ya vituo vya umeme ikawekewa kikomo cha tani milioni 8.95 kwa mwaka, kila tani ina kibali, ukipunguza zaidi unauza vibali vilivyobaki, ukizidisha bila kibali unalipa dola 2,000 kwa tani. Leo wamepunguza zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na 1990.

Watu wa uchumi wanalisifia lile soko mpaka basi. Mimi nasifia kitu kingine ambacho hakisemwi sana: ili kuingia kwenye ule mpango ilibidi kituo kifunge kipimo kwenye bomba kinachosoma muda wote, mchana na usiku, na taarifa zinaenda serikalini na mwananchi anaweza kuziona. Huwezi kuuza tani ambayo hujaipima. Lile soko ukilitoa, vipimo vikabaki, bado ungeweza kudhibiti, ila ukitoa vipimo hilo soko ni maneno tu.

Sasa turudi kwenye ujanja. Kanuni inasema mfano usizidi miligramu fulani kwa mita ya ujazo. Mita ya ujazo ya nini? Ya gesi. Na gesi naweza kuiongeza hewa! Ukimwagia maji kwenye chai sukari iliyomo haijapungua, umeifanya isisikike tu. Kwa hiyo kanuni yoyote ya maana inataja oksijeni ya rejea, yaani kiwango cha oksijeni ambacho kila kipimo kinarekebishwa kifike hapo ndo kilinganishwe, kawaida boila ya mafuta au gesi ni asilimia 3, makaa ya mawe 6, kuchoma taka 11, tabaini za gesi 15. Hesabu yake ni hii, mafundi andikeni, ile 21 ni asilimia ya oksijeni kwenye hewa ya kawaida: 21 toa oksijeni ya rejea, gawanya kwa 21 toa oksijeni uliyoipima, alafu zidisha na namba uliyosoma kwenye mashine. Tuseme boila ya makaa, mashine imesoma 200, oksijeni imesoma 15. 21 toa 6 ni 15, 21 toa 15 ni 6, 15 gawanya kwa 6 ni 2.5, mara 200 ni 500. Ripoti inasema 200, ukweli ni 500.

Na msidhani natunga. Kuna kiwanda, sikitaji, tulipanda bombani na mashine, mguu unatetemeka kwenye ngazi na jua la saa saba, tunasoma namba nzuri hamjawahi kuona. Ila oksijeni imekaa kwenye 15 haitikisiki, wakati boila ile ingetakiwa iwe 7, 8, ikizidi sana 9. Tukashuka, nikamuuliza fundi wa zamu, kijana mmoja mcheshi, akaniangalia akasema "mzee, ukaguzi ukija tunaambiwa tufungue mlango wa chini." Mlango wa kutolea majivu chini ya bomba uko wazi, hewa ya nje inavutwa humo humo. Hakuwa anaficha, alikuwa anajua ndo utaratibu. Tukaufunga tukapanda tena, namba zikapanda na sisi.

Ujanja mwingine ni kupima kiwanda kikiwa kwenye nusu ya uzalishaji, au kupiga masizi, yaani kuyapuliza yatoke ndani ya boila, saa tisa usiku wakati hakuna wa kuangalia, majirani wanaamka nguo za kambani zina madoa meusi. Kipimo cha siku moja kwa mwaka, kwa taarifa ya wiki mbili kabla, hakiwezi kuona hivo vitu.

Kwetu sheria zipo. Tanzania tuna Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za viwango vya ubora wa hewa za 2007, Kenya nao walitunga kanuni zao 2014. Vikomo vimeandikwa. Na msichukulie kila kiwanda sawa, mfano wa saruji, wengi wanachoma makaa ya mawe ya Ngaka kule Ruvuma, lakini ndani ya tanuri kuna chokaa kibao inayonyonya salfa yenyewe, kwa hiyo pale nenda moja kwa moja kwenye vumbi na oksidi za naitrojeni. Sukari wana bagasi ambayo salfa yake ni kidogo sana, shida yao ni majivu yanayoruka. Anayepigwa na salfa ni yule wa mafuta mazito, na mara nyingi bomba lake ndo linaonekana safi.

Mabomba mengi niliyopanda hayana hata tundu la kupimia. Sasa utapima nini? Tundu linatakiwa liwe mahali gesi imetulia, kawaida umbali wa vipenyo nane baada ya kona au feni na vipenyo viwili kabla ya mdomo, na liwe na jukwaa la mtu kusimama na mashine. Bomba la kipenyo cha mita moja, basi mita nane juu ya kona ya mwisho. Hiyo kazi inafanywa na mchomeleaji wa hapohapo kiwandani.

Maswali. Ndio dada, wewe wa kitambaa cha kijani.

(Swali: kwa vumbi, kiwanda cha kati kinunue nini?)

Inategemea unachoma nini. Saikloni, yaani pipa la koni ambamo moshi unazungushwa mpaka vumbi linatupwa pembeni, ni rahisi, chuma tupu, hakuna kifaa kinachozunguka, lakini inakamata vumbi kubwa, lile dogo la mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ambalo ndo linaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu linapita. Mifuko ya kuchujia inakamata zaidi ya asilimia 99, ila cheche ikiingia inaungua, na unyevu ukizidi inaganda, kwa hiyo ukiwa na bagasi au kuni weka saikloni kwanza ipokee cheche. Kuna ile ya kunasa vumbi kwa chaji ya umeme, aliyoianzisha mkemia Cottrell Marekani, tangu 1907 huko, nzuri kwa viwanda vikubwa, kwa wa kati bei itakuumiza. Viwanda vingi vya sukari vinaosha kwa maji, sawa, ila uwe na bwawa la kutuliza yale maji meusi usije ukahamisha tatizo mtoni.

Ndio mama.

(Swali: sisi ni wa chai, tunachoma mikaratusi, asubuhi moshi mzito sana mpaka saa nne.)

Kuni zinakaa muda gani kabla ya kuchomwa, mama? Wiki? Ah, hapo hata nisikuuzie mashine. Mti uliokatwa juzi karibu nusu ya uzito wake ni maji, kilo moja inakupa kama megajuli 8 za joto, ukikauka mpaka asilimia 20 inakupa karibu 15, manake kwa joto lilelile sasa hivi unalisha karibu mara mbili ya kilo, nyingi za ziada ni maji, na moto wako unafanya kazi ya kuchemsha maji ya mti. Jengeni banda, paa tu, pembeni wazi upepo upite, pasueni magogo kabla ya kupanga, muda wake kule kwenye baridi ni miezi, sio wiki. Na yule anayelisha asijaze tanuri mara moja akaenda kunywa chai, aweke kidogo kidogo, maana kila akifungua mlango na kurundika magogo mabichi moto unapoa na ndo hapo unapoona ule mweusi. Mkishakausha nipigieni, nije nipime, tuone kama bado kuna haja ya saikloni.