Vifungo vya zamani kwenye skii mpya: namjibu Ami

Asalaam aleikum watu wangu. Leo siko Italia. Niko nyumbani Malindi, kwenye karakana ya Ami hapa Shela, na kelele hizo mnazosikia ni mvua ya masika juu ya mabati, mnivumilie. Kule milimani msimu umekwisha, duka ninalofanyia kazi limefungwa mpaka theluji irudi.

Mwezi wa pili niliwaonyesha skii mpya nilizonunua, zile mbao ndefu za kutelezea kwenye theluji. Zinauzwa tupu, bila vifungo, yaani vile vyuma vinavyoshika buti juu ya skii. Wengi mliuliza, na Ami akanipigia simu usiku uleule: "Mwanangu, vile vya zamani vina ubaya gani? Fungua, hamishia kwenye mpya." Ami ameishi kwa kazi hiyo. Boti ikioza na mashine ikiwa bado nzima, mashine inahamia boti jingine, na ada yangu ya shule ilitoka kwenye mashine hizo. Swali lake nikaliona zito. Sikutaka kumjibu kwa simu, nimemletea vifungo vyenyewe.

Kamera njoo karibu. Hivi, Waitaliano wanaviita attacchi; Malindi mnaojua Kitaliano hamko wachache. Na hili bamba la chini ni piastra.

Ukikishika mkononi utadhani kazi yake ni kubana buti. Kubana hata kamba inabana. Kazi iliyo ngumu ni kuachia. Ukianguka na mguu ukaanza kusokoteka, springi ya humu ndani inatakiwa iachie kabla mfupa wa muundi haujavunjika. Hapa juu pana kidirisha chenye namba. Namba hiyo inatokana na uzito wako, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na jinsi unavyoteleza. Ukifika miaka 50 inateremshwa. Yangu ni 6.

Mwaka juzi, kabla sijaingia dukani, nilifanya kama asemavyo Ami. Nilipata vifungo vya mtumba, vya miaka mingi, jamaa mmoja mwenye drili akanifungia kwenye skii nyingine. Kidirisha kilisoma 6. Wala sikuanguka kwa kasi. Nilikuwa karibu kusimama, kando ya njia, ncha ya skii ya kushoto ikanasa kwenye theluji laini. Mwili ukaenda, mguu ukabaki. Buti halikutoka. Goti nililisikia kabla ya kuhisi maumivu. Wiki sita nilitembea na magongo, na mama hapa nyumbani sikumwambia mpaka nilipoyaweka chini. Mama, unisamehe.

Baadaye vile vifungo vilipimwa kwa mashine. Cha kulia kilikuwa sawa. Cha kushoto kilitaka nguvu nyingi mno kuliko namba yake. Ile namba inakwambia skrubu imekazwa hadi wapi, basi. Haijui kwamba grisi imekauka ndani wala plastiki imechakaa.

Hivi vya leo vimepimwa na vimefaulu vyote viwili, kwa hiyo nilikuwa na tumaini. Breki ndizo zilizokataa kwanza. Mnaona miguu hii miwili ya waya? Buti likitoka, inashuka na kuizuia skii isiporomoke peke yake ikamjeruhi mtu huko chini. Skii yangu ya zamani ina upana wa milimita 68 katikati, mpya ina 84. Miguu hii imeachana milimita 78. Itashukia juu ya ubao. Breki hubadilishwa, ila za aina hii hazitengenezwi tena.

Nikaja kwenye bamba. Lilitengenezwa kwa skii nyembamba ya theluji ngumu. Linakuinua, na ukiinuka unapata nguvu ya kuukandamiza ukingo wa chuma. Wanaoshindana wanalitegemea sana, hata sheria za mashindano zinaweka kikomo: milimita 50 kutoka chini ya skii mpaka chini ya buti. Mlimwona Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi yetu, akiiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya majira ya baridi kule Pyeongchang, Korea Kusini, mwaka 2018. Bamba kama hili mahali pake ni kwenye skii za mbio za namna ile.

Sasa tazama matundu ya nyuma. Si ya duara, ni marefu. Skii ikipinda, bamba linatembea humo. Ukilikaza mbele na nyuma kwenye skii isiyokuwa yake, katikati panakuwa gogo. Na ukisema basi uliache bamba, ufunge vifungo peke yake, skrubu zake zilikuwa zinapita kwenye bamba kwanza. Ni ndefu. Zitatokeza chini, kwenye uso wa kutelezea.

Ami akauliza kama fundi: tundu linakwenda chini kiasi gani? Milimita 9 hivi, kwa keekee yenye kizuizi. Unene wa keekee ni milimita 4.1 kwa skii yenye tabaka la chuma, 3.6 kwa isiyo nalo. Halafu unatia gundi kabla ya skrubu, kwa sababu maji yakiingia, mti wa ndani unavimba na kuoza, skrubu inang'oka. Ami akatikisa kichwa, akasema neno moja: "Kalafati." Ndiyo, Ami, kalafati, kama unavyoziba nyufa za boti maji yasiingie.

Mabuti nayo msiyasahau. Mengi ya siku hizi yana soli ya mpira iliyojipinda ili utembee vizuri. Vifungo vya zamani vilitengenezwa kwa soli ngumu iliyonyooka, na soli ya mpira ndani yake haiachii inavyopaswa.

Kwa hiyo Ami, vifungo vya miaka michache, ambavyo mtengenezaji bado anakubali vifanyiwe kazi dukani, vinavyolingana na buti na breki, vikapimwa kwa mashine, nahamisha, wala sioni haya. Bamba nitaliacha na skii yake. Hivi nilivyokuja navyo sitavifunga kwenye skii ya mtu yeyote.

Ami ameshaleta bisibisi, anataka kuona springi ilivyokaa ndani. Ngojeni nimlegezee kwanza, isije ikaruka.