Mtoto Akikuita Mama Siku ya Kwanza

Hamjambo watu wangu wa Kakamega, wa Kisumu, wa Mumias, na nyinyi wa Nakuru mnaopenda kubishana nami. Leo niko ndani ya gari nje ya kazini, hapa Minnesota. Mkisikia hita inanguruma mnivumilie, nikiizima nitaganda.

Kuna dada wa Lurambi ameniandikia. Walienda na chama chao kwenye makao ya watoto, wakabeba unga, sabuni na mafuta ya kupikia, mnajua vile tunafanya Desemba. Hata kabla hajashuka vizuri kwa matatu, msichana wa miaka 9 akamkimbilia, akamshika kiunoni, akamwita mama. Hakumwachilia mpaka walipoondoka. Sasa dada ananiambia: "Anti, huyu mtoto ana mapenzi. Wewe uko Marekani, una nyumba, mchukue."

Niruhusuni nianze na hayo mapenzi. Mtoto wa miaka 9 aliyelelewa na mama yake, mgeni akiingia bomani, anafanya nini? Anasimama nyuma ya mama anachungulia. Akiambiwa "salimia anti" anatoa mkono huku anaangalia chini. Huyo ana mtu wake. Anayemrukia kila anayeshuka kwa gari amefunzwa na maisha kwamba watu wazima huja na kuondoka: wahudumu wa zamu, wafadhili, wanafunzi wa kujitolea, chama cha akina mama. Anachukua anachoweza kabla gari halijawashwa. Na sisi tunapiga picha tunasema, oneni vile watoto wametupenda. Hizo picha, kwa kweli, mngeacha kuzituma.

Hii si hekima yangu. Utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka kule Romania mwaka 1989, dunia iliona watoto waliorundikwa kwa maelfu kwenye majumba ya serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watafiti kutoka Marekani wakaanza kuwafuatilia watoto 136 mjini Bucharest. Nusu walitafutiwa familia za kuwalea, nusu wakaachwa na utaratibu uliokuwepo. Waliopata familia mapema, hasa kabla ya miaka 2, walikua vizuri zaidi. Lakini tabia hii ya kumfuata mgeni yeyote ilikuwa sugu.

Mwenzangu mmoja hapa kazini, yeye na mumewe waliasili msichana kutoka Colombia akiwa na miaka 10, yaani walimchukua kisheria awe mtoto wao. Wiki ya kwanza tu mtoto akamwita mama. Akamwita mama pia keshia wa dukani, na yule wa kusafisha meno. Mshauri wao akawaambia: miezi ya mwanzo ni nyinyi wawili pekee mtakaompa chakula, mtakaomfunga kidonda, mtakaomlaza. Wageni wasimkumbatie, wasimpe zawadi. Hata nyanya akitaka kumpa biskuti, ampe mama, mama ndiye ampe mtoto. Ajue kitu kizuri kinatoka wapi, na kwamba huyo anayekitoa kesho atakuwepo.

Sasa leteni mpango huo kwetu! Mtoto amefika nyumbani halafu uwaambie mashangazi wasije? Wueh. Utasemwa mpaka kanisani. Boma zima litakuja, mwenye kuku na kuku, mwenye ndizi na ndizi, na kila mmoja anataka akumbatiwe. Kwa mtoto aliyezaliwa humo hakuna neno. Kwa huyu, mikono mingi ndiyo aliyoizoea, na haikumsaidia.

Tukirudi kwa yule msichana wa mwenzangu, ule utamu ukaisha. Akaanza kumfungia mwenzangu mlango, kukataa chakula, kumwambia "wewe si mama yangu, mimi nina wangu." Na ni kweli. Mama mzazi alikuwa hai, na mtoto wa umri ule anakumbuka sura, anakumbuka ndugu zake, anakumbuka jikoni kulikaaje. Huwezi kumchukua yeye ukaacha hayo kwenye uwanja wa ndege. Hata yule wa Lurambi, kabla ya kumwita yatima, ulizeni. Watoto wengi walio kwenye makao, Kenya na kwingineko, wana mzazi mmoja hai au jamaa. Umaskini ndio uliowapeleka pale.

Sasa kuhusu mimi kumchukua. Novemba 2014 serikali ya Kenya ilisimamisha uasili wa watoto wetu kwenda nje, na mwaka 2019 Baraza la Mawaziri likakaza tena. Najua mtasema nina kitambulisho cha Kenya. Mkataba wa Hague wa 1993, ule wa kimataifa kuhusu watoto wanaoasiliwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, ambao Kenya iliuridhia, hauulizi kitambulisho, unauliza unaishi wapi. Naishi Minnesota, basi nahesabiwa sawa na Mzungu wa Minnesota. Wala si Kenya peke yake: Ethiopia ilifunga mwaka 2018, China 2024. Mwaka 2004 Wamarekani waliasili watoto zaidi ya 22,000 kutoka nje. Mwaka 2023 hawakufika 2,000. Kulikuwa na biashara humo jamani. Karatasi za uongo, na wazazi walioambiwa mtoto anaenda kusoma, atarudi.

Lakini dada, wewe umeniambia una miaka 34 na mume, na watoto wenu wawili wako shule. Mbona ulinifikiria mimi wa ng'ambo kabla ya kujifikiria? Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, mwombaji asiye jamaa awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21. Umepita. Na serikali yenyewe, kwa mkakati wake wa 2022 hadi 2032, inataka watoto watoke kwenye makao waingie kwenye familia.

Nenda ofisi ya watoto Kakamega. Uliza kwanza kama jamaa zake wametafutwa. Ikiwa hawapo au hawawezi, uliza kama wewe na mumeo mnaweza kupimwa kuwa walezi wa muda, kabla hata ya kutaja kuasili. Mtu akikuomba pesa ili akuharakishie, usitoe. Piga 116, ile simu ya kusaidia watoto, ni bure. Na uongee na mumeo leo, si siku afisa amebisha hodi.

Mkikubaliwa, mashangazi niachie mimi. Nitawapigia mmoja mmoja.