Taarifa za VVU: kinachopanda wilayani na kinachobaki zahanati

Ndugu Mwenyekiti, ndugu watoa huduma wa zahanati na vituo vya afya vya hapa Tanga, masheikh na wachungaji, wenyeviti wa mitaa na wageni wote mliofika, nawashukuru kwa kunialika. Nimeombwa kuzungumzia kanuni za kutoa taarifa na kudhibiti maambukizi ya VVU. Nitaanza na swali ambalo wenyeviti wa mitaa hawachoki kuliuliza: mgonjwa wa kipindupindu akionekana Makorora, taarifa hutoka siku hiyo hiyo na bwana afya hufika mpaka mlangoni pake na pampu ya klorini, kwa nini basi mwenye VVU hatajwi, ilhali maradhi yake ni ya maisha?

Hatajwi kwa sababu hiyo hiyo ya kuwa ni ya maisha. Kipindupindu humwambukiza jirani kwa maji na chakula, kwa hiyo jirani ana haki ya kujua leo. Wiki ikipita mgonjwa amepona na jina lake limesahaulika. VVU haviambukizi kwa kula sahani moja wala kwa kukaa chumba kimoja, na jina likishatoka halirudi. Tena mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi ipasavyo, mpaka virusi visionekane kwenye kipimo, hamwambukizi mwenza wake kwa kujamiiana. Jirani hana cha kufanya na jina hilo isipokuwa kulizungumza.

Lakini kutokutaja jina si kutokutoa taarifa, na hapa ndipo wengi wanapochanganya. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kwa miaka mingi baada ya hapo tulichokuwa tukikihesabu ni wagonjwa, si walioambukizwa. Kwa kuwa mtu asiyepata dawa anaweza kukaa miaka minane au kumi kabla ya kuugua, hesabu ile ilitueleza maambukizi ya zamani na kutuficha ya wakati ule. Nchi nyingine zilikabiliwa na tatizo hilo hilo. Marekani walibishana kwa zaidi ya miaka ishirini: jimbo la Colorado liliagiza mwaka 1985 kwamba walioambukizwa waripotiwe kwa majina, mengine yakatumia alama za siri, na ni mwaka 2008 tu ambapo majimbo yote yalifikia kutumia majina, yakiwekwa chini ya ulinzi mkali wa idara za afya. Sisi tulipita njia nyingine. Huduma ya dawa ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2004, kila aliyeingia kliniki ya tiba na matunzo, yaani CTC kama tunavyoiita sote, alipewa namba yake.

Itazameni namba hiyo mnapoishika kadi. Tarakimu za mwanzo ni za mkoa, zinafuata za wilaya, kisha za kituo, na mwisho ni za mteja mwenyewe. Mwisho wa mwezi, mtunza kumbukumbu anajumlisha kutoka kwenye rejista: wanawake wangapi wa umri fulani wamepimwa, wangapi wamekutwa na maambukizi, wangapi wameanza dawa. Jumla hizo ndizo zinazokwenda kwa Mganga Mkuu wa Wilaya au Jiji na kuingizwa kwenye mfumo wa taarifa za afya. Jina linabaki kituoni, kwa wale wanaomhudumia mwenye jina. Anayehofia kwamba kuna mtu Dodoma anasoma orodha ya watu wa Chumbageni anahofia mahali pasipo na hatari kubwa. Hatari ipo mezani petu.

Niwaonyeshe. Rejista ya upimaji ni kitabu kipana. Ukikifungua, mistari ya watu wote wa siku hiyo inaonekana kwa pamoja. Mteja anakaa upande wa pili wa meza. Mhudumu anaandika, simu inaita, anainuka kwenda dirishani, kitabu kimebaki wazi. Mteja hahitaji kukigeuza. Mstari ulio juu ya wake ni wa mwalimu wa mwanawe. Hapo hakuna sheria mpya inayohitajika, kinahitajika kipande cha kadibodi cha kufunika mistari mingine, na desturi ya kufunga kitabu kabla ya kuinuka. Nimeona pia vituo ambako siku ya CTC ina benchi lake na foleni yake, na majina matatu yanaitwa kwa sauti mpaka yanasikika barabarani. Na wale wahudumu wa jamii wanaotumwa kufuatilia wateja nyumbani, wakivaa vizibao vilivyoandikwa mgongoni kazi yao kwa herufi kubwa, wanatangaza bila kufungua kinywa.

Naomba niseme linalonikera zaidi kama mtu wa takwimu. Siri ikivuja, hatumuumizi mteja peke yake, tunaharibu na hesabu. Mtu wa Ngamiani, ambako nyumba zimegusana na kila mmoja ni shemeji wa mwenzake, akishasikia kwamba habari za kliniki ya karibu hufika gengeni, haendi tena huko. Anapanda gari mpaka Muheza au Pangani, anajifanya hajawahi kupima, anaandikishwa kwa jina jingine na kupewa namba mpya. Kule alikoanzia, baada ya muda, anahesabiwa mtoro. Sasa kwenye taarifa zetu tuna watu wawili, mmoja aliyeacha dawa na mmoja aliyegundulika mwaka huu, na kumbe ni mtu mmoja ambaye hajakosa kidonge hata siku moja. Mhudumu anatumwa kumsaka mtoro asiyekuwepo, na wilaya inaonekana ina maambukizi mapya ambayo si mapya. Barua ya uhamisho ingemaliza yote hayo, lakini nani ataiomba kwa mtu asiyemwamini?

Sheria yenyewe iko wazi. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inataka upimaji uwe wa hiari, utanguliwe na ushauri nasaha, na majibu apewe aliyepimwa, isipokuwa wachache waliotajwa, kama mzazi au mlezi wa mtoto, mwenza, na mahakama pale inapohusika. Kumlazimisha mtu kupima kunaruhusiwa katika mazingira machache tu, kwa mfano kwa amri ya mahakama. Mwenyekiti wa mtaa hayumo. Mwajiri hayumo. Kiongozi wa dini anayetaka cheti cha wachumba anaweza kuwashauri wapime, na ushauri huo ni mwema, lakini hawezi kuyadai majibu yao kituoni.

Sheria hiyo hiyo inamtaka anayejua kwamba ana maambukizi amjulishe mwenza wake, na inamwadhibu anayeambukiza kwa makusudi kwa kifungo cha miaka mitano hadi kumi. Mimi nasita kuitumia adhabu hiyo kama kitisho kwenye ushauri nasaha, kwa kuwa asiyepima hawezi kushtakiwa kwa kujua, na mwenye hofu anaona usalama wake uko katika kutojua. Njia inayozaa zaidi ni kuwafikia wenza kwa ridhaa: mteja achague kumwambia mwenyewe, au waje pamoja, au mhudumu amwite mwenza kupima bila kumtaja aliyemtaja. Kabla ya lolote, aulizwe kama anahofia kupigwa au kufukuzwa nyumbani. Akisema ndiyo, mambo yasimame hapo kwanza.

Marekebisho ya mwaka 2019 yaliruhusu mtu kujipima mwenyewe na kushusha umri wa kuridhia kipimo kutoka miaka 18 hadi 15. Kijana anaweza sasa kujipima chumbani kwake, na hilo ni jema, ila majibu yake hayaingii popote mpaka afike kituoni kuyathibitisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022 hadi 2023 ulionyesha kwamba miongoni mwa watu wenye VVU walio na miaka 15 na zaidi, asilimia 82.7 walijijua, kati ya hao asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94.3 walikuwa wamefubaza virusi. Pengo letu kubwa, basi, liko kwenye kujijua, yaani mlangoni pa chumba cha kupimia.

Limebaki suala la rejista za zamani, nililoulizwa nilipokuwa nikiingia. Karatasi zilizoandikwa hapa mjini hazikosi mnunuzi, na wauza karanga mnawajua. Rejista iliyojaa iandikwe tarehe za mwanzo na mwisho kwenye jalada na ifungiwe kabatini pamoja na zinazotumika. Wakati wa kuiteketeza ukifika, iteketezwe kwa utaratibu wa sheria ya kumbukumbu na nyaraka ya mwaka 2002 na kwa idhini ya maandishi, si kwa uamuzi wa aliyepewa kazi ya kufagia stoo.