Gundi ya Bati la Alumini: Tuanze na Joto

Ndugu zangu mafundi wa bodi, najua wengi mmekuja kutafuta jina la kopo la gundi ya kubandikia bati la alumini kwenye ukuta wa gari-nyumba, yaani gari la kuishi safarini. Jina nitalitaja, lakini kwanza tulielewe bati lenyewe.

Ukuta wa magari-nyumba mengi ya Ulaya ni wa tabaka: nje bati jembamba la alumini, katikati povu gumu na fito za mbao, ndani plaiwudi. Mita moja ya alumini hurefuka kama milimita 0.023 kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda. Chukua ukuta wa mita 6, alfajiri nyuzi 15, juani saa nane nyuzi 55. Bati limeongezeka milimita 5 na nusu. Ufito wa mbao ulio nyuma yake haukufika hata robo ya hapo. Hao wawili wanavutana kila siku, na gundi ndiyo iliyo katikati yao.

Ndiyo maana mimi siangalii kwanza nguvu iliyoandikwa kwenye kopo. Nauliza: gundi hii inanyumbulika kiasi gani?

Gundi ya epoksi ina nguvu sana, lakini ikikauka ni ngumu, hainyumbuliki. Ibandikie kiraka cha alumini juu ya alumini, itakufaa, kwa sababu vyote viwili vinarefuka pamoja. Gari la michezo la Lotus Elise la mwaka 1996 lilijengwa hivyo, chesisi ya alumini iliyounganishwa kwa epoksi, na bado waliongeza vishikizo vya chuma ili kiungo kisianze kubanduka kutoka ukingoni. Ukitandaza epoksi hiyo hiyo kati ya bati refu na mbao, ama itapasuka ama bati litavimba mawimbi.

Kwa bati refu juu ya fito, tumieni poliyurethani, gundi inayonyumbulika, ile ya kuungia bodi za magari. Sikaflex-252 ni mfano mmoja. Msidhani ni sawa na Sikaflex-221, ambayo ni ya kuzibia mianya. Iacheni iwe na unene wa milimita 3 hivi. Weka vipande vidogo vya mpira kama vipimo, usibane mpaka gundi yote itoke, kwani unene huo ndio unaoipa nafasi ya kunyumbulika. Poliyurethani ya tyubu moja hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kuingia ndani. Ukiipaka uso mzima kati ya bati na povu, hewa haitafika katikati na itabaki mbichi siku nyingi. Hapo nunua ile ya kuchanganya sehemu mbili.

Silikoni tafadhali iacheni jikoni na bafuni. Ikishagusa bati, gundi nyingine haishiki, rangi nayo haishiki.

Sasa usafi, na hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Alumini ikikwanguliwa hujivika utando mpya wa oksidi mara moja. Futa mafuta kwa asetoni au spiriti safi kabla ya msasa, vinginevyo msasa unayasukumiza ndani. Piga msasa wa namba 120, usitumie brashi ya waya wa chuma, kwa sababu chembe zake hubaki na kuleta kutu. Futa tena kwa kitambaa cheupe hadi kitoke cheupe, paka praima (dawa ya kwanza ya kusaidia gundi ishike), kisha bandika siku hiyo hiyo. Thina ya bei rahisi mara nyingi huacha mafuta yake. Mlango uwe wazi na mikono iwe na glavu: mvuke wa poliyurethani unaweza kuleta pumu.

Naona mkono pale nyuma. Ndugu yetu anauliza kama apige ribiti pia, zile pini za kubana bati. Ndiyo, ukingoni, lakini za alumini, si za chuma. Wote mmeona Land Rover za zamani, bati la alumini juu ya chuma, linavyoliwa pale vinapogusana na maji yakiwepo. Na kabla ya ribiti kuingia, jaza gundi kwenye tundu. Mbao nyingi zilizooza ndani ya kuta hizi zilinyweshwa maji na matundu ya namna hiyo.